Mwongozo wa Fundi wa Pikipiki: Deni la Wanakiswahili Lisilolipwa

Wahenga walinena kwamba mgagaa na upwa hali wali mkavu. Hapana shaka methali hii ina ukweli wake kwa mvuvi, kwani bahari haikosi kumtupia mwenye subira walau kome au chaza. Fundi wa pikipiki wa Kenya ya leo, hata hivyo, amegaagaa na upwa wa aina nyingine. Amepekua simu yake usiku akitafuta kitabu cha kumwongoza kufungua injini, ameuliza katika maduka ya vipuri, ametazama video moja baada ya nyingine, na aghalabu amerudi kwa mteja wake na wali ule ule mkavu. Anachokipata kimeandikwa kwa Kiingereza cha wahandisi, au kinasemwa kwa Kihindi, au kinaonyeshwa na mikono isiyotamka neno. Kwa Kiswahili, lugha anayoitumia kutwa kucha gerejini, hupata machache mno, na machache hayo hayamtoshelezi. Makala haya yanadai kwamba upungufu huu si wa wahandisi wala wafanyabiashara peke yao. Ni deni la wanakiswahili, na ni deni ambalo wanao uwezo wa kulilipa.

Mashine iliyotangulia maelezo yake

Neno bodaboda hunasibishwa na mpaka wa Kenya na Uganda, hususan Busia, ambako katika miaka ya 1960 wachukuzi wa baiskeli walivusha abiria na mizigo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Baiskeli ile haikuhitaji kitabu. Sehemu zake zote zilionekana kwa macho, na kijana aliyekaa karibu na fundi kwa majuma machache aliweza kuziba tyubu na kukaza cheni bila kuuliza. Mambo yalibadilika pikipiki ilipochukua nafasi ya baiskeli. Mwaka wa 2008 serikali ya Kenya ilipunguza mzigo wa kodi kwa pikipiki zenye injini ya chini ya sentimita za ujazo 250, na baada ya hapo mashine hizo zikatapakaa mijini na vijijini. Zipo Bajaj Boxer na TVS HLX zenye asili ya India, zipo Honda, na zipo za Kichina zenye majina chungu nzima.

Mashine ziliingia kwa wingi, lakini maelezo yake hayakuandamana nazo. Kijana anayenunua pikipiki kwa mkopo hukabidhiwa funguo, kofia ya chuma, jaketi ya kung'aa na, akibahatika, kijitabu kidogo cha Kiingereza ambacho hukitia chini ya kiti hadi kiloane na mvua. Ununuzi wa mkono wa pili hauna hata hicho. Pikipiki inapoanza kukohoa, mwenye chombo humwendea fundi wa kando ya barabara, naye fundi hutegemea alichofunzwa na fundi aliyemtangulia. Mkopo hausubiri. Siku pikipiki isipokwenda, hakuna karo, hakuna unga, na malipo ya benki au ya chama yanazidi kulimbikizana. Iwapo imetengenezwa vibaya na ikaendelea kwenda, hasara huweza kuwa kubwa zaidi, maana anayebebwa nyuma ni mama mjamzito, mwanafunzi au mzee anayepelekwa zahanati.

Vitabu vya aina tatu

Wengi wanaotafuta maelezo haya hushindwa kwa sababu hawajaambiwa wanatafuta nini. Yafaa ifahamike kwamba vitabu vya pikipiki ni vya aina tatu, na kila kimoja kina kazi yake. Kipo kijitabu cha mwenye chombo, ambacho hueleza jinsi ya kuendesha, kiasi cha oili, shinikizo la hewa katika matairi na ratiba ya huduma. Kipo kitabu cha karakana, ambacho huandikiwa fundi na hueleza namna ya kufungua na kufunga kila sehemu, vipimo vyake, na nguvu ya kukaza kila nati. Kisha ipo orodha ya vipuri, ambayo huonyesha kwa michoro kila kipande na nambari yake. Anayepakua kijitabu cha mwenye chombo akitarajia kufunga injini kwacho hujisumbua bure. Anayepata orodha ya vipuri ataona mpangilio wa vipande, lakini hataambiwa kipi hutangulia.

Isitoshe, jina lililoandikwa kwenye tangi halitoshi. Chukulia mfano wa pikipiki za Kichina za ukubwa wa 125. Nyingi zilifuata muundo wa Honda CG125, pikipiki iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1976 na ambayo iliundiwa nchi ambako mashine hubebeshwa mizigo mizito na kuhudumiwa kwa nadra. Injini ya CG huzifungua vali zake kwa fimbo zinazosukumwa kutoka chini. Nyingine zilifuata muundo ambao kemu yake iko juu na huzungushwa kwa cheni ndogo ya ndani. Kwa nje, pikipiki hizi mbili huweza kufanana kama pacha, zikawa na rangi moja na bei moja. Fundi akifuata mwongozo wa ile ya cheni huku amefungua ile ya fimbo, ataitafuta cheni isiyokuwepo. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kutafuta kitabu ni kusoma herufi na nambari zilizopigwa chapa kwenye injini na kwenye fremu, kisha kulinganisha mchoro wa kitabu na chuma kilicho mbele ya macho. Ushauri huu ni mwepesi, lakini ni nadra kupatikana umeandikwa kwa Kiswahili mahali ambapo mwanagenzi angeweza kuusoma.

Video na kimya chake

Tangu YouTube ilipoanzishwa mwaka wa 2005, na hasa baada ya simu za mkononi zenye intaneti kuenea, video zimekuwa mwalimu wa wengi. Ni haki zisifiwe. Video humwonyesha mtazamaji pembe ya mkono, sauti ya vali iliyolegea, na rangi ya plagi inayochoma mafuta kupita kiasi. Mambo haya ni magumu kuyaeleza kwa maandishi. Kwa kuwa Boxer na TVS ni za asili ya India, video nyingi zilizo bora kuzihusu zimesimuliwa kwa Kihindi, na mafundi wa Afrika Mashariki huzifuata kwa macho tu. Zipo pia video za mafundi wa Kenya na Tanzania wanaosema Kiswahili, na baadhi yao ni walimu hodari kuliko walimu wengi wenye vyeti.

Pamoja na sifa hizo, video ina kimya chake. Mtazamaji huona mkono ukikaza nati, lakini haoni nguvu iliyotumika. Huona fundi akiingiza kipande chembamba cha kupimia chini ya tapeti, lakini asipotajiwa kipimo, hajui ni kipande kipi. Pengo la tapeti katika injini hizi ndogo hukaribia moja ya kumi ya milimita au pungufu. Jicho haliwezi kulipima, sembuse jicho linalotazama kioo cha simu kilichopasuka. Likizidi kuwa pana, injini hupiga kelele na kupoteza nguvu. Likizidi kuwa finyu, vali haifungi sawasawa, huungua, na siku moja fundi huambiwa kwamba aliharibu pikipiki nzima. Zaidi ya hayo, video haina faharasa. Mwenye mikono ya oili hawezi kuirudisha nyuma mara tano ili kusikia neno moja, na kifurushi cha data kikiisha katikati ya kazi, somo nalo limekoma.

Mkono na nambari

Katika gereji nyingi mwanagenzi akiuliza, "Fundi, nati hii nikaze kiasi gani?" hujibiwa, "Kaza mpaka mkono ukwambie." Jibu hili lisidharauliwe. Lina busara ya miaka, na mkono wa fundi mkongwe huambiwa mengi kweli. Tatizo ni kwamba mkono wa mwanagenzi bado ni bubu. Wakati unasubiriwa kujifunza kusema, utakuwa umekata boliti kadhaa na kuharibu hesi za kichwa cha silinda ambacho ni cha alumini laini. Gharama ya somo hilo hulipwa na mwenye pikipiki.

Kadhalika, yapo mambo ambayo hata mkono wa mkongwe hauambiwi. Pikipiki nyingi zenye breki za ngoma zina mshale mdogo karibu na mkono wa breki, na alama iliyochongwa kwenye bamba la gurudumu. Breki inapokanyagwa, mshale ukifikia alama ile, maana yake viatu vya breki vimekwisha na havina budi kubadilishwa. Mtengenezaji aliweka onyo hilo pale makusudi, tena bila kutumia lugha yoyote. Lakini alama isiyoelezwa ni sawa na herufi kwa asiyejua kusoma. Wapo waendeshaji ambao hupita na mshale huo kila siku, hukaza nati ya fimbo ya breki kila inapolegea, na hawajui kwamba wanachokikaza kimeshakwisha. Sentensi moja ya Kiswahili sahili ingeweza kuwaokoa wao na abiria wao.

Hapa ndipo suala hili linapoacha kuwa la gereji na kuwa la haki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Katiba iyo hiyo, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata maelezo anayoyahitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa hiyo. Vifungu hivi viwili vikisomwa pamoja, ni vigumu kueleza kwa nini chombo kinachotegemewa na maelfu ya familia kiuzwe na kijitabu ambacho mwenye chombo hawezi kukisoma kwa ufasaha.

Istilahi za ofisini na lugha ya gerejini

Wanakiswahili hawajalala. Kazi kubwa imefanywa katika uundaji wa istilahi, na mfano bora ni Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam mwaka wa 1990. Kazi za namna hiyo ziliwathibitishia wenye shaka kwamba Kiswahili kinaweza kubeba sayansi. Hata hivyo, orodha ya istilahi si maelezo ya kazi. Mtu anaweza kujua jina la kila kiungo cha mwili na bado asijue kufunga jeraha. Aidha, mara nyingi istilahi hubuniwa ofisini, zikajadiliwa katika makongamano, zikachapishwa, na zisifike kamwe kwa anayeshika spana.

Wakati huohuo, gereji imekuwa ikiunda lugha yake bila kusubiri kamati. Maneno plagi, kabureta, klachi, pistoni, ringi, gasketi, beringi na tapeti yamekwisha kuingia katika ngeli zake na kupatana na vitenzi vyake bila taabu: plagi imekufa, plagi zimekufa. Lililo la kusisimua zaidi kwa mwanafasihi ni jinsi fundi anavyoiona injini. Kwake injini ni kiumbe hai. Inakula oili, inakunywa mafuta, inakohoa asubuhi kukiwa na baridi, inatema moshi, inachoka, na mwishowe inakufa. Hii si mizaha. Kila sitiari kati ya hizo ni utambuzi wa ugonjwa. Injini inayokula oili ina ringi zilizolika au vali zinazovujisha. Inayokunywa mafuta kupita kiasi yahitaji kuangaliwa kabureta yake. Inayotema moshi wa buluu inachoma oili, na inayotema moshi mweusi inachoma petroli isiyopata hewa ya kutosha. Fundi amejitungia mfumo mzima wa uaguzi kwa lugha ya mwili wa binadamu, na vyuo vikuu, ambavyo vina kozi za semantiki na za mtindo, havijauona kuwa ni hazina.

Yamkini atatokea mtu aseme kwamba kuandika kitabu cha ufundi si kazi ya fasihi wala ya isimu. Anayesema hivyo ameisahau historia ya fasihi yake mwenyewe. Ahmed Sheikh Nabhany, gwiji wa Lamu aliyefariki mwaka wa 2017, alichapisha mwaka wa 1979 utungo uitwao Sambo ya Kiwandeo, ambao mada yake ni chombo cha baharini cha Lamu, na mwaka wa 1985 akatoa Umbuji wa Mnazi kuhusu mti uliolisha na kuezeka Pwani nzima. Katika tungo hizo msamiati wa waundaji vyombo, wa mabaharia na wa wakulima wa minazi ulipata pa kuhifadhiwa. Nabhany hakuona aibu kuuliza fundi jina la ubao, wala hakudhani kwamba ushairi unapungukiwa na heshima ukitaja kamba na msumari. Chombo cha usafiri cha zama zake kilikuwa jahazi. Chombo cha zama hizi ni pikipiki, na bado hakijapata Nabhany wake.

Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza ni kwamba mafundi hawasomi. Dai hili hurudiwa mara nyingi na watu ambao hawajawahi kumwandikia fundi kitu cha kusoma. Fundi huyo huyo husoma ujumbe wa simu, husoma kandarasi ya mkopo, husoma gazeti la michezo hadi ukurasa wa mwisho. Iwapo kitabu kitamwambia jambo linalomletea kipato siku hiyo hiyo, hakuna sababu ya kuamini kwamba atakitupa.

Pingamizi la pili ni kwamba ufundi hurithiwa kwa vitendo, si kwa vitabu. Ni kweli, na hakuna anayependekeza kwamba mwanagenzi aache kumfuata fundi wake. Lakini urithi wa vitendo hurithisha na makosa. Fundi aliyefunzwa kumwaga oili na kurudisha bila kusafisha chujio atawafunza watano wafanye vivyo hivyo. Kitabu hakichukui nafasi ya mwalimu. Humpa mwanagenzi ushahidi wa pili wa kupimia anachoambiwa. Pia huvunja ukiritimba, maana si siri kwamba baadhi ya mafundi huficha sehemu ya ujuzi wao ili mwanagenzi asije akafungua gereji yake ng'ambo ya barabara.

Pingamizi la tatu, na lenye uzito zaidi, ni kwamba kampuni zenye pikipiki ndizo zenye wajibu wa kutafsiri vitabu vyao. Wajibu huo upo na hauna budi kudaiwa. Hata hivyo, tafsiri ya kitabu cha kampuni pekee haitoshi. Vitabu hivyo huandikiwa karakana yenye zana zote, ilhali fundi wa kando ya barabara ana spana chache, bisibisi na kisahani cha petroli cha kuoshea vyuma. Kinachohitajika ni kitabu kilichoandikwa kutokana na kazi yake na mahali pake.

Mfano upo, tena haukuzaliwa mbali sana na mwambao huu. Mwingereza John Haynes, alipokuwa akitumikia jeshi la angani la nchi yake mjini Aden katika miaka ya 1960, alimsaidia mwenzake kulijenga upya gari dogo aina ya Austin-Healey Sprite. Akatambua kwamba kitabu cha kampuni hakikumwandikia mtu wa kawaida. Akatafuta kamera, akapiga picha kila hatua ya kufungua na kufunga, na mwaka wa 1966 akachapisha mwongozo uliozaa mamia ya miongozo mingine ya magari na pikipiki, ukiwemo wa Honda CG125 iliyotajwa hapo awali. Siri yake ilikuwa moja: hakuna kilichoandikwa kabla ya chuma chenyewe kufunguliwa.

Kazi inayowezekana

Kwa hiyo pendekezo ni hili. Chama cha wanafunzi wa Kiswahili katika chuo kikuu chochote kichague pikipiki moja iliyoenea katika mtaa wake, moja tu. Kimtafute fundi anayeheshimiwa, kimlipe muda wake, na kikae naye akiifungua na kuifunga. Mmoja apige picha, mwingine arekodi sauti, wa tatu aandike maneno jinsi yanavyotamkwa. Idara ya uhandisi ialikwe kuthibitisha vipimo. Mahali ambapo gereji ina neno, neno hilo litumike, hata kama linatokana na Kiingereza. Mahali ambapo halipo, au pana maneno matatu yanayogongana, hapo ndipo mwanaisimu apate kazi yake. Maandishi yawe mapya kabisa, yasiwe nakala ya kitabu cha kampuni, kwa sababu ya haki miliki na kwa sababu ya ukweli.

Mtihani wa kitabu hicho usiwe wa profesa. Apewe mwanagenzi ambaye hajawahi kuifanya kazi hiyo, aachwe asome na atende, na kila anaposita, sentensi irekebishwe. Ili jambo hili lisibaki maneno matupu, tazama mfano wa maelezo ya kukaza cheni: "Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati na uiweke katika gia huru. Zungusha gurudumu la nyuma polepole ukitafuta mahali cheni inapokaza zaidi, maana cheni iliyochakaa hailegei sawa kila mahali. Pima ulegevu wake katikati ya upande wa chini, kisha ulinganishe na kipimo cha kijitabu cha pikipiki hiyo. Legeza nati ya ekseli. Zungusha vikazio vya kushoto na kulia kwa kiasi sawa, na uhakikishe kwamba alama za pande zote mbili zinalingana. Kaza nati ya ekseli, kisha upime cheni tena. Kabla ya kuondoka, pima mchezo wa pedali ya breki, kwani gurudumu likivutwa nyuma, breki inayovutwa kwa fimbo hukazika yenyewe."

Maelezo haya hayana neno linalomhitaji msomaji kufungua kamusi. Lakini sentensi yake ya mwisho ina jambo ambalo husahauliwa mara nyingi, na kusahauliwa kwake huacha breki ikisugua gurudumu njia nzima hadi ngoma iwe moto. Hapo pana somo la mtindo vilevile. Katika mwongozo, sababu haitenganishwi na amri, na onyo halicheleweshwi hadi baada ya tendo. Mwanafunzi anayedhani kwamba uandishi wa namna hii ni mwepesi na ajaribu kueleza ufungaji wa klachi kwa sentensi kumi bila kumpotosha msomaji. Atatambua kwamba uchaguzi wa kitenzi, mpangilio wa vishazi na matumizi ya virejeshi si mada za mtihani tu.

Kutokana na kitabu hicho video nazo zitengenezwe, na zitaje kila kipimo kwa sauti, kwa Kiswahili, na kukiandika kwenye picha. Ziwe fupi, kila moja kwa kazi moja, ili zipite kutoka simu hadi simu bila kumaliza kifurushi cha mtu.

Wakati wa kuanza ni huu. Pikipiki za umeme zimekwisha kuingia katika barabara za Nairobi, na ndani yake hamna kabureta wala plagi. Mna betri, mota na mitambo ya kielektroniki ambayo fundi wa kando ya barabara bado hajaipatia sitiari. Kiswahili kiliikosa pikipiki ya petroli ilipokuwa ngeni, kikabaki kuifuata kutoka nyuma. Kikichelewa tena, fundi atakayekuwa amemaliza kuijua injini ya mafuta atajikuta ni mwanagenzi upya mbele ya mashine asiyoweza kuisoma.

Kila mwaka, tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani huadhimishwa kwa hotuba, mashairi na ngoma, na lugha husifiwa kwa kuvuka mipaka ya mataifa. Sifa hizo ni halali. Lakini nje ya lango la chuo, fundi ameinama juu ya injini iliyofunguliwa, vipande vimepangwa juu ya gunia, na mteja wake anatazama saa. Amegaagaa na upwa vya kutosha. Ni juu ya wale walioisomea lugha yake wamwekee kitoweo.